Mjibu na Kubadhi la Fundi Tawakali

Wapokezi wa habari za kale wamesimulia, na mzigo wa kweli na uongo tumewaachia wao, ya kwamba katika mji wa Kirandazi, mji wa nyumba nyeupe na visima vya maji matamu, alitawala Sultani Mudhaffari bin Sarahani, mfalme mwenye mkono wa kutoa na moyo wa huruma, ila hasira zake zilikuwa kama maziwa jikoni, ukigeuka tu yamekwisha kufurika. Na kidoleni alivaa pete ya akiki aliyoirithi kwa babu yake, na ndani ya pete hiyo alifungwa jini aitwaye Ghubari bin Dukhani, mtumishi wa kila aivaaye, asiyeuliza wala kusita, akiamriwa amefanya. Lakini Sultani hakuwa na habari ya jini huyo. Yeye aliivaa kwa uzuri wake tu, na alikuwa na mazoea ya kuisugua kila alipokasirika.

Na babu yake huyo, Mwenyezi Mungu alinawirishe kaburi lake, alikuwa ameacha desturi isiyopatikana katika miji mingine. Ng'ambo ya uwanja, nje ya kasri, alijenga kibanda cha mawe chenye mlango usio na ubao wala komeo, akauita Mlango wa Swali, na akaweka hapo mtu aitwaye Mjibu. Kila mkaazi wa Kirandazi, tajiri au hohehahe, mwenyeji au mgeni wa jana, alikuwa na haki ya kuja kuuliza jambo lolote lililofanywa na watawala, na Mjibu alikuwa na wajibu wa kuingia kasrini, kuwauliza wanaojua, na kurudi na jibu, liwe asali au liwe shubiri, na kulitamka mlangoni kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza samaki. Na ili swali lisipotee njiani, muulizaji alimpa Mjibu kitu chake cha kushika, kikaitwa amana ya swali, na Mjibu hakuwa na ruhusa ya kukiweka chini wala kukificha kibindoni mpaka swali lijibiwe. Basi siku moja utamwona anakatiza uwanja na jogoo, siku nyingine na kifuniko cha chungu, na watoto nyuma wanamzomea.

Tena ukutani mwa kibanda ilitundikwa pembe ya nyati. Mjibu akikosa jibu kwa wote wa kasrini alikuwa na haki ya kuipuliza, na ikilia, Sultani mwenyewe lazima avuke uwanja kwa miguu yake aje ajibu. Lakini ikionekana kwamba swali lilikuwa tupu, Mjibu hukatwa ulimi. Kwa hiyo pembe hiyo haikuwa imepulizwa na mtu yeyote aliye hai, na nyigu walikwisha kujijengea ndani yake.

Mjibu wa zama hizo aliitwa Dahalani bin Yakuti, kapera aliyekaribia kuota mvi, si mwerevu wa kupindukia, ila ukimtuma jambo hang'oki. Kazi yake haikumpatia rafiki. Jibu likiwa tamu, watu walimshukuru Sultani, na likiwa chungu walimlaani yeye. Sokoni walimwita sikio la kasri, na kasrini walimwita mdomo wa soko, naye alikuwa akirudi nyumbani jioni akijiuliza kama ana sehemu yoyote ya mwili iliyo yake mwenyewe.

Basi asubuhi moja alikuja mlangoni mwanamke kijana mwenye macho makavu, macho ya mtu aliyekwisha kulia yote aliyokuwa nayo, akapiga hodi.

"Karibu, bibi," akasema Dahalani. "Kuuliza si ujinga."

"Naitwa Zamzami binti Tawakali. Baba yangu ni Fundi Tawakali, mwashi. Wakati wa kaskazi aliitwa kasrini kuutazama mnara mpya wa Sultani. Tulipofika langoni gidamu la kubadhi lake lilikatika, akaniachia nikalitengeneze, akaingia mguu mmoja umevaa na mmoja mtupu. Nikamngoja nje. Hakutoka mpaka leo. Nauliza, Bwana Mjibu, baba yangu yuko wapi?"

Akamkabidhi kubadhi la mguu wa kushoto, gidamu lake jipya. Dahalani alimjua fundi huyo, maana ndiye aliyemjengea kaburi la mama yake, na akaona hili ni swali jepesi kuliko yote aliyopata kuulizwa. Mtu mzima si sindano, atapotelea wapi?

Akavuka uwanja, akapita lango kuu, na alipokanyaga ua wa kasri akasimama. Alikuwa ameshika kubadhi. Akaligeuza juu, akaligeuza chini. Alijua kwamba ni amana, kwa kuwa lilikuwa katika mkono wake wa kulia, lakini swali lenyewe lilikuwa limetoweka kichwani na halikuacha hata vumbi. Akasimama hapo jua likimpiga utosini, hata akapita Waziri Lutufi, mzee mpole mwenye ndevu zilizofukizwa udi.

"Mjibu! Leo umeletewa kubadhi? Mbona moja?"

"Hilo hasa, Mheshimiwa Waziri, ndilo ninalojiuliza."

"Labda mshona viatu anauliza habari za kodi ya ngozi."

"Labda," akasema Dahalani, na moyo wake ukafarijika kwa kupewa kitu cha kushika. Waziri akamweleza kodi ya ngozi kwa urefu, kisha akamchukua kumwonyesha mnara mpya uliosimama nyuma ya jiko, akamwambia, "Tazama ulivyonyooka," na Dahalani akatazama, na kweli ulikuwa umenyooka, akausifu, akaaga, akatoka na furaha zake.

Alipofika kibandani alivuta pumzi ili atangaze kodi ya ngozi, na Zamzami akamkatiza. "Bwana Mjibu, na baba yangu je?"

Hapo swali likamrudia lote kwa mara moja. Akamtazama binti, akalitazama kubadhi, akageuka kulitazama kasri, na nywele zikamsimama, kwa sababu mnara aliousifu sasa hivi ulikuwa umeinama juu ya jiko vibaya sana, na ufa umeushuka kutoka juu hadi chini.

"Ule mnara," akauliza taratibu, "wewe unauonaje?"

"Umeinama. Kila mtu anauona. Lakini watu wa kasri wakiulizwa ndani ya lango wanasema umenyooka, basi siku hizi majirani wananunua dawa ya macho."

Dahalani akaona aibu kubwa. Akamwomba radhi na akaingia tena, na safari hii alivuka uwanja akilikariri swali kwa sauti kama mtoto aliyetumwa dukani, "Fundi Tawakali yuko wapi, Fundi Tawakali yuko wapi," na watu wakamcheka, na alipovuka kizingiti ulimi ukaendelea kutikisika mdomoni bila kitu juu yake. Akamwendea mkuu wa walinzi na kumwonyesha kubadhi. Mkuu wa walinzi akadhani anauziwa. Akamwendea kadhi, na kadhi akamwambia kwamba kiatu kilichookotwa hutangazwa kwanza. Kila aliyemwendea alimjibu kwa adabu na kwa hakika, na kila jibu lilikuwa zuri, na Dahalani akazidi kuchanganyikiwa, kwa kuwa hajapata kujibiwa sana namna ile huku mkono ukiwa bado mzito.

Katika kutangatanga akafika jikoni, akamkuta mpishi mkuu, mzee Feruzi, amepiga magoti penye shimo sakafuni, anateremsha kwa kamba kikapu chenye kibuyu cha uji na kipande cha mkate.

"Mzee Feruzi, humo mna nani?"

"Nani awemo, mwanangu? Shimo hili."

"Na uji ni wa nini?"

Mpishi akakuna kichwa. "Wallahi sijui. Kikapu hushuka kimejaa, hupanda kitupu. Siku nisipokiteremsha moyo hunienda mbio, chakula chote kinaungua. Basi mimi nateremsha." Akacheka, kicheko cha mtu asiyependa kuendelea na mazungumzo, na kutoka juu zikadondoka punje za chokaa, zikaingia shimoni. Dahalani akamuaga. Hakuona ajabu yoyote.

Lakini alipotoka nje na kumwona Zamzami amesimama palepale, uji ule na shimo lile na chokaa ile vilimjia pamoja na swali, akalazimika kukaa chini mavumbini, amana juu ya magoti.

"Yu hai," akasema. "Baba yako yu hai, bibi. Yumo chini ya jiko, wanamlisha na hawajui wanayemlisha. Na mnara umeinama juu yake."

Zamzami akalia, kumbe machozi yalikuwa bado yapo. Kisha akafuta uso akasema, "Basi nenda ukamtoe."

"Nikiingia nitasahau."

"Tutume wengine."

Wakamtuma mchukuzi wa maji. Akaingia na azma ya simba, akatoka anapiga mluzi. Wakamtuma shangazi yake Zamzami, mwanamke ambaye kwa Kirandazi nzima hakuna aliyemshinda kwa kukumbuka ya watu, na huyo akarudi na sahani ya halua na kuuliza wanamngoja nani. Tena siku hiyo mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kujikusanya kusini, na waashi wenzake Tawakali walikuwa wakisema wazi sokoni kwamba mnara ule hauwezi kuhimili mvua moja.

Dahalani akaingia kwa mara nyingine kutafuta njia, na Waziri Lutufi akamwita barazani akamwambia, "Mjibu, tunakuona unazurura na kiatu. Umechoka. Maulana amekukubalia usimamizi wa bustani, nyumba ya kukaa na farasi wa kupanda, na Mlango tutaufunga kidogo mpaka apatikane mtu mwingine." Na Dahalani, kwa kuwa alikuwa ndani, alimbusu mkono Waziri, akamshukuru kwa dhati ya moyo, akatoka anahesabu miche ya waridi. Alipovuka kizingiti alijichukia hata akajipiga kofi, na muuza kahawa akamuuliza kama ana nzi.

"Sijielewi," akamwambia Zamzami. "Ndani naona mnara umenyooka, na nauona kwa macho haya haya. Ndani hakuna baba yako, hakuna swali, kila mtu ana raha, na mimi nina raha. Nje kuna wewe. Huenda wewe ndiwe mwenye wazimu na mimi umeniambukiza. Sijui. Wallahi sijui."

"Na kwa kuwa hujui, utafanyaje?"

Dahalani akalitazama kubadhi mkononi. "Mimi ni wawili sasa," akasema. "Mmoja anasahau na mmoja anakumbuka. Na huyu anayekumbuka ndiye anayekosa usingizi, lakini nadhani nitamwamini yeye. Kama swali haliwezi kuingia kasrini, mwenye kasri na atoke."

Akainyanyua pembe ya nyati kutoka ukutani.

"Bwana Mjibu!" akasema Zamzami. "Na ulimi wako?"

"Ndio ninaoutumia," akasema, na akapuliza.

Kwanza walitoka nyigu. Kisha ikatoka sauti iliyowafanya mbwa wa mji wote wabweke, na kasri likatetemeka kwa mshindo wa miguu, kwa maana habari ilienea kufumba na kufumbua kwamba Mjibu anakwenda kukatwa ulimi, na hakuna binadamu wa kasrini aliyetaka kulikosa jambo hilo. Wakatoka walinzi na makatibu, wakatoka masuria na wapagazi, wakatoka wapishi na mwiko mkononi, na mzee Feruzi mbele yao. Na mbele ya wote akatoka Sultani Mudhaffari, ameamshwa katika usingizi wa adhuhuri, kilemba kimekwenda upande, na nyuma yake mshika upanga.

"Ewe Dahalani!" akanguruma akiwa angali ndani ya lango. "Uniambie swali lako, na kama ni tupu ndilo la mwisho!"

Dahalani akainama kwa taadhima, uso umevimba kwa nyigu. "Maulana, sheria ya babu yako inasema uvuke uwanja kwanza."

Sultani akavuka kizingiti. Akatembea hatua chache, kisha mwendo wake ukapungua kama wa mtu aliyesikia akiitwa jina. Akafika mlangoni. Dahalani akaliinua kubadhi.

"Binti huyu anauliza. Fundi Tawakali, baba yake, yuko wapi?"

Sultani akalitazama kubadhi, na akamtazama Zamzami, na rangi ikamtoka usoni. Kisha akageuka na kuuona mnara wake. Watu wote waliotoka naye wakageuka vilevile, na uwanja mzima ukavuta pumzi kwa hofu, maana jiwe moja lilikuwa linaning'inia juu ya jiko.

"Aliniambia umeinama," akasema Sultani kwa sauti ndogo. "Mbele ya wageni wangu. Nikaona ananifedhehesha. Nikasema atiwe shimoni, na..." Akaitazama pete. "Nikasema sitaki kusumbuliwa tena na habari yoyote ya mtu yule."

Na kwa kuwa alikuwa akiisugua pete kwa mazoea yake, vumbi likanyanyuka kutoka ardhini, likajikusanya likawa kiumbe mrefu kuliko mnazi, mwenye uso wa mtumishi mwaminifu.

"Labeka, Maulana, mimi ni Ghubari, mtumishi wa pete yako," akasema jini. "Nami sikukusumbua. Nimemfuta katika kila kichwa kilichomo kasrini, na nimeufuta na mwinamo wa mnara, kwa kuwa hiyo nayo ni habari yake. Je, nimekosea wapi?"

Jini aliuliza hivyo kwa unyofu kabisa. Na Dahalani, ambaye kuuliza kulikuwa kumekwisha kuwa maradhi yake, akasema, "Mbona mpishi aliendelea kumlisha?"

"Sikuamriwa afe njaa," akasema Ghubari. "Vichwa nilivichukua, mikono ya jikoni nikawaachia."

Mzee Feruzi akaitazama mikono yake na kuanza kulia.

Sultani akapaza sauti. "Ewe Ghubari, amri ile nimeifuta! Mtoe!" Na jini akapotea na kurudi kabla vumbi lake halijatua, amembeba mzee aliyekonda, ndevu hadi kifuani, mguu mmoja umevaa kubadhi na mmoja mtupu. Akamweka chini mbele ya binti yake. Na wakati Zamzami ameuangukia mguu ule mtupu anaubusu, mnara wa Sultani uliguna, ukalala juu ya jiko, ukalifukia na shimo lake, wala hakufa hata paka, kwa kuwa kasri zima lilikuwa uwanjani limekuja kutazama ulimi ukikatwa.

Vumbi lilipotulia Waziri Lutufi akamsogelea Dahalani na kumnong'oneza. "Sasa sheria inakutaka utamke jibu. Sema kwamba jini ndiye aliyemficha. Si uongo. Na ufalme utabaki na heshima yake."

Dahalani akamtazama mzee huyo mpole, akamtazama Sultani, akamtazama mshika upanga ambaye bado hajaurudisha upanga alani. Hofu ilimshika kuliko alipopuliza pembe, kwa maana wakati ule alikuwa hana hakika, na sasa alikuwa nayo. Akapanda kizingiti cha Mlango wa Swali, na akatamka kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza samaki:

"Jibu la Zamzami binti Tawakali ni hili. Fundi Tawakali alitiwa shimoni na Sultani Mudhaffari bin Sarahani kwa hasira, kwa kosa la kusema kweli. Kisha akasahauliwa. Jini alitii tu."

Mshika upanga akamgeukia Sultani, na Sultani akaifunika pete kwa mkono wa kulia, asiisugue.

"Jibu ni sahihi," akasema hatimaye. "Rudia, Mjibu. Wale wa nyuma hawakusikia."

Naye akarudia. Kisha akamrudishia Zamzami amana yake, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa hata binti ikambidi avifungue kimoja kimoja. Na Sultani akamwendea Fundi Tawakali akamwomba radhi mbele ya watu, akamuuliza, "Huko shimoni, mzee wangu, ulikuwa ukiniombea laana gani?"

"Maulana," akasema fundi, "mtu aliye gizani hana nafasi ya laana. Nilikuwa nikisikiliza juu kama yupo anayeniulizia. Uji ukishuka najua yupo anayenipa. Lakini anayeniulizia je? Hilo ndilo lililokuwa likinila."

Sultani akalia wazi. Akampa Tawakali nyumba, shamba la minazi na kazi ya ujenzi wa mji mzima kwa namna atakavyoona yeye kuwa imenyooka. Akaivua pete na kumwachia huru Ghubari, na jini akasimama uwanjani muda mrefu, amechanganyikiwa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia la kufanya. Na Dahalani akapewa mali ya kumtosha yeye na wajukuu, ila bustani alizikataa. Tangu siku hiyo ikawa amri katika Kirandazi kwamba hakuna atakayejibiwa akaondoka pasipo kumwambia Mjibu ahsante, liwe jibu tamu au chungu, na Sultani akawa wa kwanza kuitii, ingawa kwa miaka mingi alikuwa akiisema huku amekunja uso.

Siku moja Zamzami akapiga hodi tena.

"Karibu, bibi. Kuuliza si ujinga."

"Nauliza kama Mjibu wa mji huu ana mke."

Dahalani akanyoosha mkono kupokea amana, na akageuka kulielekea kasri ili akawaulize wanaojua, na alikuwa amefika katikati ya uwanja ndipo akasimama. Wauza samaki wanasema hawajapata kuona mtu akirudi mbio vile. Wakaoana, na karamu ikawa kubwa, na mzee Feruzi ndiye aliyepika, katika jiko jipya lisilo na shimo.

Nasi tuliopokea hekaya hii tunawausia wenzetu hivi. Serikali ina watumishi wengi wa kutii, na kutii si jambo baya, lakini hata jini anaweza kutii. Wachache ni wale wanaobeba swali lako, wakazunguka nalo huku wao wenyewe hawaelewi, wakachekwa, wakaumwa na nyigu, wakarudi na jibu. Ukimkuta mmoja wao mlangoni pake, usipite kimya. Mwambie ahsante, kisha muulize swali lako.